Ukuta Usioliwa na Mchwa

14 Novemba

Nimepewa madaftari mawili. Moja ni la kazi: niandike mvua imenyesha lini, matuta yamemwagiliwa mara ngapi, uyoga umeota vichwa vingapi. La pili amesema ni la akiba, likijaa la kwanza. Ndilo hili. Humu nitaandika yangu.

Aliyenipa anaitwa Elina, mtaalamu kutoka chuo, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Mwenyekiti wetu Machibya alimleta asubuhi mpaka mlangoni, akasema anatafutwa mtu anayejua kuandika na anayekaa karibu na ghala. Mimi nilifika kidato cha pili, na kati ya jiko langu na ghala kuna njia ya ng'ombe tu.

Ghala lenyewe ni la zamani, la ushirika uliokufa. Humo ziliwekwa dawa za kuulia wadudu wa pamba, zikasahauliwa, madumu yakaoza yakavuja. Baadaye lori lilikuja likabeba madumu. Udongo ukabaki. Nyuma ya ghala haioti hata nyasi, na mbuzi hapiti.

Elina anasema uyoga utaisafisha sehemu ile. Uyoga unaota kwenye mti uliooza kwa sababu una maji yake ya kuuyeyusha mti, na maji hayohayo yanaweza kuivunja dawa ikawa si dawa tena. Anaongea vizuri. Mume wangu Masele alimsikiliza mpaka mwisho, kisha alipoondoka akasema mtu haji na glovu mikononi mahali ambapo hakuna hatari, na haji kutoka mbali hivyo kwa ajili ya udongo wa watu wengine.

Nimekubali kazi. Lakini nimelisikia neno la Masele.

18 Novemba

Tumejaza matuta kumi na mawili. Udongo wa ghala, maganda ya mbegu za pamba kutoka kiwandani, mabua yaliyochemshwa, halafu punje za mtama zilizofunikwa na kitu cheupe kama ukungu. Hizo punje ndizo mbegu ya uyoga. Matuta matatu hayakuwekwa mbegu. Nikauliza kwa nini. Akasema ni ya kulinganishia. Yaani yapo pale ili yashindwe.

Nikamuuliza kama uyoga ukiota tutakula. Akajibu haraka mno: hapana, hata kimoja, hata kuonja. Nikasema si umesema unaivunja sumu? Akasema ndiyo, lakini si yote, na si mara moja. Kwa hiyo unavunja na hauvunji.

22 Novemba

Mvua. Tumepanda pamba ekari mbili.

30 Novemba

Uyoga umeota. Mweupe, mpana, unapandana kama masikio. Tuta la saba ndilo bora kuliko yote. Nimehesabu vichwa arobaini na kitu. Watu wanapita njiani wakijifanya wanatafuta ng'ombe.

Esteria naye amekuja kutazama. Ni mjane mtu mzima, nyumba yake iko ng'ambo ya ghala, mwanawe Bujiku anaishi Lalago. Alisimama muda mrefu. Akasema uyoga kama ule, utotoni kwake, ungekuwa umeshaliwa. Kisha akampa binti yangu Joyness kipande cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaenda zake.

4 Desemba

Mvua ya siku mbili imekatika alfajiri. Saa nne Joyness ameanguka.

Alikuwa jikoni nami, anacheza na vifuniko. Nikasikia kishindo. Macho yamegeuka, mikono inapiga chini, povu. Ana miaka minne. Nilimlaza ubavu kama tulivyofundishwa kliniki, nikamwita Masele akiwa kwenye palizi, hata sijui aliisikiaje sauti yangu. Alipotulia alikuwa hanijui. Baada ya muda akaniuliza mbona nalia.

Tumempeleka zahanati kwa bodaboda. Malaria hana. Homa hana. Mganga amesema tumwangalie.

5 Desemba

Masele anasema: huyu mtoto hajawahi kuanguka tangu azaliwe. Uyoga umeota lini? Juma lililopita.  Elina alipokuja kupima unyevu nilimwambia kwamba mtoto anaumwa. Aliacha kazi yake, akauliza maswali mengi: amekula nini, amecheza wapi, amewahi kuingia kwenye matuta. Alikuwa anaandika majibu. Mtu akiulizwa habari za mgonjwa anatoa pole. Huyu alitoa kalamu.

13 Desemba

Mvua jana. Leo Joyness ameanguka tena, jikoni. Muda mfupi zaidi. Nimeyahesabu mapigo ya moyo wangu.

15 Desemba, Jumapili

Tumerudi kutoka kanisani, tuta la saba limefyekwa. Uyoga wote hakuna, maganda yametawanyika. Kuna nyayo za miguu pekupeku zinaelekea njia ya ng'ombe, zinapotelea humo. Masele alibaki nyumbani kwa sababu goti lake linamuuma. Anasema hakuona mtu.

Kanisani leo Esteria hakuwepo.

17 Desemba

Nimesema kisimani. Naandika kama nilivyosema, ili nisije kujidanganya baadaye. Tulikuwa wanawake sita. Monika, mke wa mwenyekiti, aliniuliza nani ameiba uyoga wa serikali. Nikasema mimi sijui, ila kuna mtu aliusifia sana, na mtu huyohuyo humpa mwanangu vitu vya kula, na mwanangu anaanguka.

Sikutaja jina. Hakuna aliyeuliza jina.

23 Desemba

Mvua juzi na jana. Joyness ameanguka mara mbili kwa siku moja.

Nimemkataza kupokea chochote kwa mtu yeyote. Esteria alikuja na michembe imefungwa kwenye khanga. Nikasimama mlangoni. Nilimsalimia, mwadila mayu, umeshindaje mama, akaitikia, nikabaki nimesimama hapohapo. Akauangalia mkono wangu ulioshika mwimo, akarudi.

25 Desemba

Sikukuu. Wali na kuku. Joyness alicheza vizuri.

5 Januari

Mvua zimekatika. Pamba imesinyaa adhuhuri, inainuka jioni.

8 Januari

Nimetoka shambani nikakuta Elina anatoka upande wa jiko langu. Amesema alikuwa anatafuta maji ya kunywa. Mtungi uko mbele ya nyumba, anaujua.

9 Januari

Esteria amenifuata shambani, mahali ambapo hakuna masikio. Hakunisalimia. Amesema, "Mama Joyness, mimi najua unavyonisema. Lakini nimekuja kukwambia nilichokiona. Jana yule mtaalamu alikuwa anakwangua ukuta wa jiko lako kwa kisu, anaweka kwenye kifuko. Alichukua sehemu tatu."

Nimeshindwa kulima. Huku kwetu anayechukua udongo wa nyumba ya mtu haendi nao kwa wema. Nimesoma kidato cha pili, nimekaa kwenye semina za pamba, bado mwili umenisisimka.

Halafu nikawaza upande wa pili: aliyeniletea habari ni nani? Mtu anayetuhumiwa akimtuhumu mwingine anapata nafuu. Sasa ninao wawili, na kila mmoja ana sababu ya kunionyesha mwenzake.

Sijamwambia Masele. Angechukua panga.

16 Januari

Nimekagua begi la Elina alipokuwa anapiga simu juu ya kichuguu. Vifuko vyenye namba tupu. Namba zake zinakwenda mpaka kumi na tano. Matuta ni kumi na mawili.

24 Januari

Wameyarushia mawe mabati ya nyumba ya Esteria, mchana, watu wako mashambani. Hakuna anayejua nani. Bujiku amekuja na pikipiki kumchukua mama yake kwenda Lalago. Amepita hapa bila kusimama. Esteria alikuwa amekaa nyuma, ameshika sufuria moja.

Nilikuwa napalilia, nikaendelea. Jembe lilikata pamba tatu mfululizo.

2 Februari

Jua. Karibu wiki sita Joyness hajaanguka. Monika amesema, "Unaona? Ameondoka, mtoto amepona." Wenzake wakaitikia. Nami nilitaka kuitikia, lakini mtoto alipona kabla hajaondoka. Hajaanguka tangu Krismasi. Esteria ameondoka siku tisa tu zilizopita.

7 Februari

Mvua kubwa jana, ya kwanza tangu mwanzo wa mwaka. Leo saa tatu Joyness ameanguka jikoni, vibaya kuliko siku zote. Ameuma ulimi.

Esteria yuko Lalago.

9 Februari, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nilimlaza mtoto nikachukua madaftari yote mawili, nikayaweka kwenye mkeka, la kazi kushoto, hili kulia.

Kushoto: mvua tarehe mbili na tatu Desemba. Kulia: ameanguka tarehe nne. Kushoto: mvua tarehe kumi na mbili. Kulia: kumi na tatu. Kushoto: ishirini na moja na ishirini na mbili. Kulia: ishirini na tatu, mara mbili. Januari kushoto kukavu, kulia kimya. Februari sita, Februari saba.

Nimepitia mara tatu nikitafuta kosa. Uyoga uliota Januari yote kwa maji ya ndoo, na hakuanguka. Esteria alikuwepo Januari mpaka mwishoni, na hakuanguka. Kinachokwenda na kurudi ni mvua.

Sasa mvua inamfanya nini mtoto aliye ndani? Nikamwamsha, nikampeleka jikoni, nikakaa kwenye kigoda nikamwacha. Ukuta wa nyuma, unaonyeshewa, ulikuwa bado na unyevu. Alizunguka, akagusa vifuniko. Kisha akausogelea ukuta, akaegemeza kipaji, akatoa ulimi akaulamba. Taratibu, amefumba macho, kama anayelamba asali. Chini ya pale kuna shimo la ukubwa wa kikombe. Limekuwepo siku zote. Nilidhani ni kuku.

Nimemvuta nusura nimwangushe. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba yake nilikula udongo, wanawake wote hula, na mvua ikinyesha ukuta unatoa harufu ambayo mate hujaa mdomoni. Sijawahi kumkataza mtoto kulamba ukuta. Nani anakataza?

10 Februari

Nimemuuliza Masele udongo wa jiko alitoa wapi.

Alikuwa ananoa jembe. Hakuinua uso. Jiko alilijenga yeye, miaka mitano iliyopita, mwaka wa ukame, mimi nikiwa kwa mama yangu, huko Shishiyu. Niliporudi nililikuta limekamilika, na watu walilisifu kwa sababu nyumba zote za hapa mchwa wanapanda, ila jiko letu hawajawahi kuligusa. Wageni wamekuwa wakionyeshwa. Ukuta usioliwa na mchwa.

"Baba Joyness. Udongo ulitoka wapi?"

Akasema ardhi ilikuwa imekauka kama mwamba, hakuna mtu aliyeweza kuchimba, na nyuma ya ghala palikuwa laini. Lori lilipobeba madumu lilikuwa limepachimbua. Alibeba kwa mkokoteni, siku mbili. Hakuwa peke yake.

Nikamwonyesha madaftari. Hasomi haraka, nilimsomea. Nilipomaliza aliweka jembe chini akaenda akasimama mbele ya jiko, akaliangalia kama anamwangalia mtu. Niliogopa atalibomoa palepale kwa mikono. Hakulibomoa. Alikaa chini.

Nikasema, sasa limebaki la Esteria na uyoga aliouiba.

Akasema, "Uyoga hakuiba Esteria."

Ni yeye. Ile Jumapili ya goti. Aliung'oa wote akaufukia kwenye shimo la samadi, kwa sababu aliamini ndio unaomwangusha mtoto. Alijua watu wanasema Esteria. Alijua mimi nimesema. Aliona mawe kwenye mabati. Nikamuuliza mbona alinyamaza, akasema alidhani hata kama si uyoga, huenda ni Esteria kweli, basi akaacha.

Siwezi kumhukumu. Mimi nami niliacha.

Joyness analala chumba cha mbele. Napikia nje chini ya turubai.

15 Februari

Elina alikuwa Bariadi juma zima. Leo amerudi. Nilimsubiri kwenye matuta, sikumpa kiti.

Nikamwambia najua alikwangua ukuta wangu. Nikamwuliza amepata nini. Akasema majibu ya maabara yana utaratibu wake. Nikamwambia nami nina majibu yangu, nikamsomea tarehe, kushoto na kulia. Nilipofika tarehe saba Februari alikaa kwenye ukingo wa tuta, glovu na vyote.

Akasema aliona mistari myeupe ukutani, kama ile ya nyuma ya ghala, na baada ya kusikia mtoto anaumwa akapata wasiwasi. Hakutaka kutuogopesha kabla ya kuwa na hakika. Majibu yalikuja kwenye simu yake tarehe ishirini na tisa Januari. Dawa ipo ukutani, nyingi kuliko kwenye baadhi ya matuta. Aliwaandikia wakubwa wake. Wakamwambia asiseme neno kijijini mpaka vipimo virudiwe na barua ipite wilayani, maana watu wakisikia nyumba zao zina sumu patakuwa na vurugu.

"Ishirini na tisa Januari," nikasema. "Mwanangu ameuma ulimi tarehe saba. Hizo ni siku tisa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakuja hapa. Ulikunywa maji yangu."

"Ndiyo, dada Kwandu. Nilikuwa namwangalia Joyness kila nikija. Nilijiambia jua linawaka, hakuna haraka. Sina la kujitetea."

Miezi mitatu nimeishi nikisubiri huyu mtu akiri jambo. Amekiri, na hakuna nilichopata. Nilidhani nitapata kitu.

Akasema Joyness anatakiwa hospitali leo, si kesho, na kwamba atakwenda nasi na atamwambia daktari jina la dawa yenyewe, barua iwepo isiwepo. Nikauliza wakubwa wake watasemaje. Akasema watasema.

19 Februari

Bado hospitali Bariadi. Wamempa dawa ya kuzuia degedege. Daktari amesema sumu ilijikusanya mwilini kidogo kidogo kwa miaka mpaka ikazidi, na hakuna dawa ya kuitoa, itatoka yenyewe polepole, la muhimu asiongezewe nyingine. Elina alikuja na karatasi ya majibu, akaikabidhi mbele yangu. Nimeomba nakala. Nimesoma kila mstari, hata nisiouelewa.

26 Februari

Tuko nyumbani. Mvua imenyesha jana. Hajaanguka.

3 Machi

Mkutano wa kijiji. Elina alizungumza kwanza, akaeleza habari ya udongo wa ghala. Watu waliguna. Mmoja akasema ni njama za kutunyang'anya eneo. Mwingine akasema mwenye uyoga ndiye aliyeleta sumu ili apate cha kusafisha. Hayo yote nilishayawaza mimi kabla yao, nilikuwa nayatambua moja moja yanapotoka vinywani mwao.

Machibya akataka kufunga hoja mpaka barua ya wilaya ifike. Ndipo nikaomba nafasi.

Nikasema jiko langu limejengwa kwa udongo wa ghala, na mwanangu alikuwa anaulamba, na ndiyo maana anaanguka. Nikasoma tarehe. Nikasema Desemba kisimani nilisema maneno juu ya mayu Esteria, nikamtaja sasa kwa jina, na kwamba yalikuwa uongo niliouamini mimi mwenyewe. Masele akasimama bila kuitwa akasema uyoga aliung'oa yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma wakataka arudie, akarudia.

Nikauliza nani mwingine alibeba udongo mwaka ule wa ukame.

Kila mtu aliangalia mikono ya jirani yake. Nilianza kuogopa kwamba nimejivua nguo peke yangu. Kisha mkono ulioinuka ulikuwa wa Monika. Mume wake mwenyekiti alimgeukia. Monika akasema, "Sakafu ya chumba cha watoto, Machibya. Tuliisiliba wote wawili, mimi na wewe."

Baada ya hapo ilihesabika mikono saba.

11 Machi

Leo tumebomoa jiko. Elina ameagiza ukuta uloweshwe kwanza ili usitoe vumbi, na wanaobomoa wavae barakoa, glovu na mabuti. Masele hakutaka mtu mwingine aguse. Udongo umekwenda kwenye matuta mapya manne, na safari hii mbegu nimeweka mimi, punje za mtama, tabaka kwa tabaka.

Nimemwambia Elina jambo moja. Kila sampuli itafungwa mafungu mawili, nitatia sahihi yangu kwenye yote mawili, na moja litabaki kwangu ndani ya sanduku lenye kufuli. Majibu yakija yanasomwa mkutanoni siku hiyohiyo. Nilidhani atakasirika, nilimwona akifikiri. Akakubali. Amepewa onyo la maandishi na wakubwa wake, alinionyesha. Hakuniomba nimhurumie.

29 Machi

Pamba imetoa maua. Viwavi wameanza. Tunapiga dawa, hakuna namna. Nalishika bomba nikiwa nimefunga uso, na naosha nguo mbali.

12 Aprili

Nimekwenda Lalago peke yangu. Masele alitaka kuja, nikamwambia zamu yake itakuja.

Bujiku alinipokea uani, hakunikaribisha kukaa. Nilimwambia nimekuja kumwona mama. Akasema mama yake si mtu wa kuonwa na kila anayepita. Esteria aliisikia sauti yangu akatoka, amekonda, ana kitambaa kichwani kama mgonjwa. Nilipiga magoti. Nilisema yote kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili yangekuwa kama taarifa ya ofisini. Nilichosema kisimani. Nilipomzuia mlangoni. Nilivyoendelea kupalilia alipokuwa anaondoka.

Alinisikiliza. Aliuliza hali ya Joyness. Nikasema tangu tarehe saba Februari, alipouma ulimi, hajaanguka. Akatikisa kichwa.

Kisha akasema, "Unajua Monika alinifuata njiani siku moja, akaniuliza mtoto wa Kwandu ninamlisha nini? Nikamwambia viazi. Akacheka. Nikaenda nyumbani nikavionja vile viazi, mimi mwenyewe. Nilianza kujiogopa."



Nikamwomba arudi. Bujiku akakataa kwa niaba yake. Yeye akasema, "Nitarudi mvua zikiisha. Si kwa ajili yako. Nyumba ni yangu."

13 Aprili

Mvua. Mtoto mzima.

20 Mei

Mikutano mingine watu hawaji. Huu walijaa. Elina amesoma majibu. Matuta tisa ya ghala yenye uyoga: dawa imepungua, mengine kwa nusu, mengine kwa theluthi, moja halikupungua kitu na hajui sababu. Alisema "sijui" mbele ya watu wote. Matatu yasiyo na uyoga yako karibu palepale yalipoanza. Udongo wa jiko langu umepungua kidogo sana, bado mapema.

Mtu akauliza: kwa hiyo uyoga umemaliza sumu? Akasema hapana. Utahitaji msimu mwingine, labda miwili, na hakuna ahadi.

Baada ya mkutano Machibya aliniuliza pembeni kama ninamwamini yule mtaalamu. Nikamwambia ninaamini sanduku langu. Halafu nikaona si jibu kamili. Nikamwambia namwamini zaidi siku anayosema hajui.

2 Juni

Tumeanza kuchuma pamba. Vidole vimechanika.

9 Juni

Bujiku ameleta habari kwamba mama yake atarudi juma hili. Nimekwenda kwenye nyumba yake na fagio. Masele amebadilisha mabati mawili yaliyopondwa kwa mawe, Monika amekuja na ndoo ya samadi ya kusiliba sakafu. Tulikubaliana bila kusema kwamba udongo tuchote mtoni, mbali, na tukauchota wote watatu tukionana. Hakuna aliyemwachia mwenzake kuuchota peke yake. Labda hivi ndivyo tutakavyoishi kwa muda.

13 Juni

Esteria amefika saa saba mchana. Nilikuwa uani kwake na Joyness, nimemaliza kujaza mtungi. Alishuka kwenye pikipiki, akaitazama nyumba, akatazama mabati mapya, akaingia ndani akatoka.

Joyness alimkimbilia. Akamwinamia, akamshika mashavu, akamfunua mdomo akauangalia ulimi wake pale palipochanika, palipoacha alama. Akamuuliza kama bado pauma. Joyness akasema hapana.

Mimi nikasema mwadila, mayu.

Hakuitikia. Alifungua mfuko wake, akatoa michembe, akaikata vipande viwili. Kimoja akakiweka mdomoni mwake, akakitafuna mpaka akakimeza, huku ananiangalia. Kingine akakishika mkononi, hakumpa mtoto. Alinisubiri.

Nikakichukua kwenye mkono wake, mwenyewe nikampa Joyness, nikakaa chini palepale uani mpaka alipomaliza kula.